Sikuthibitisha Chumvi

Baba alikuwa karani wa mizani, Shimanzi,
ghala la tatu, magunia ya kahawa.
Kila alfajiri, kabla lori la kwanza halijapiga honi,
alipandisha jiwe la chuma la kilo ishirini,
akaitazama sindano, akaandika: ishirini.
Siku elfu saba hivi, ishirini.
Mama akimcheka: jiwe hilo litanenepa lini?

Jiwe nimelirithi mimi.
Si lile la chuma, hilo hushikiza mlango wa jikoni, Kibokoni,
bali swali lake: mizani nayo, nani ameipima?

Nikasoma. Nikarudi na shahada ambayo majirani
walidhani ni ya kutengeneza printa.
"Munaa, simu yangu yakwama."
Nikaizima, nikaiwasha, nikanywa chai yao.
Ningewaambiaje kwamba programu siandiki,
huikalisha kitako ya mwenzangu, nikaiambia:
apa kwamba pale hutafika.
Si leo tu, si kwa bahati. Kamwe,
kwa kila njia, hata ile ambayo hapiti mtu.

Kazi yangu ni kuutafuta ufa
katika ukuta usiojengwa bado.

Kilindini waliniita kwa winchi mbili,
reli moja, kompyuta moja ya kuziamrisha.
Sharti lilikuwa mstari mmoja:
mzigo usipite juu ya kichwa cha mtu.
Miezi kumi na moja nilikaa na mstari huo
kama mtu akaaye eda.

Usiku mmoja, baada ya daku, mashine ikanijibu.
Hatua ya arubaini na moja:
winchi ya kwanza imesimama, ya pili yarudi nyuma,
kengele yazimwa na kuwashwa ndani ya nusu sekunde,
na mtu wa kubuni, nukta tu kwenye kioo,
yuko chini ya tani thelathini.
Bwana Kirigha akasema, hilo ni mara moja katika miaka mia.
Nikamwambia, hukusema ni mwaka upi.
Sikutia sahihi. Meli ikangoja nje siku mbili,
nami nikanuniwa hata ndani ya lifti.

Tukarekebisha. Nikatia sahihi, wino wa buluu.

Mama akiuliza, leo kumetokea nini?
Hakuna.
Jana je?
Hakuna.
Na wakulipa kwa hakuna?
Wanilipa, mama. Hakuna ndiyo zao langu.

Miaka sita nilivuna hakuna.

Kisha Alhamisi moja, saa nne asubuhi,
Chengo Kazungu, mfunga minyororo,
alivunjwa mkono mahali pawili.

Niliufungua uthibitisho wangu mstari kwa mstari,
nikiomba, Mungu nisamehe, nikute kosa.
Halikuwepo. Ulikuwa laini kama yai.
Ni kule karakana waliponipa kitambuzi,
kijisanduku cha ukubwa wa sabuni ya kipande,
waya zake zimeliwa na chumvi hadi zimekuwa unga wa kijani.
Wiki nzima kilikuwa kikisema hapana mtu, hapana mtu,
na programu ikakiamini
kwa sababu mimi niliiambia ikiamini.
Ukurasa wa pili, mwandiko wangu:
*Tuchukulie kwamba vitambuzi husema kweli.*

Nilimkuta Chengo kwake Magongo, plasta hadi begani.
"Kompyuta ilikosea?"
Haikukosea.
"Wewe je?"
Hesabu yangu haikukosea.
Akautazama mkono. "Basi ni mimi."

Sijapata kusikia jumla mbovu kama ile,
na niliyempa tarakimu ni mimi.
Nikamwambia: niliandika *tuchukulie*.
Alinyamaza. Mkewe akatuletea uji, tukaunywa.

Siku hizi, kabla ya zamu ya kwanza,
nashuka ngazi na kofia yangu ya plastiki,
nasimama chini ya winchi, pale pa mtu,
nangoja taa iwe nyekundu.
Ikichelewa, nahesabu. Ikiwaka,
natoa daftari, naandika: mtu.
Jana, mtu.
Leo, mvua, lenzi ina ukungu, nimepunga mkono mara mbili:
mtu.