Safu ya Upungufu

Asilimia hamsini na mbili nukta nne.
Hiyo nukta nne ndiyo iliyoninyima usingizi.
Nani aliipima? Kwa jiwe gani?
Na upande wa pili wa mizani alisimama nani
kuangalia kwamba kidole hakijagusa sahani?

Miaka thelathini na mmoja nilipima ngano
bandarini Duluth, kwenye maghala marefu ya zege.
Behewa likiingia, nalipima na mzigo wake;
likitoka, nalipima tupu;
kilichobaki kati ya mara mbili hizo
ndicho nilichokitia sahihi.
Kulikuwa na vumbi lililopeperuka,
panya waliokula, mvua iliyopenya.
Yote hayo yalikuwa na safu yake daftarini.
Upungufu, tuliandika. Haukuwa aibu.

Sasa naona duara la rangi mbili kwenye simu,
limekatwa kama pai ya Siku ya Shukrani,
na hakuna safu ya panya.
Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
watu mia nane na sita waliulizwa.
Mimi sikuulizwa. Jirani yangu Gudrun hakuulizwa.
Mwanawe aliulizwa, huku anakaanga samaki,
akabonyeza kilichokuwa karibu na dole gumba.

Nikatoka, nikahesabu mwenyewe
mabango ya uani, toka kanisa la Kilutheri
hadi duka la ndoano: bluu kumi na tisa,
nyekundu kumi na saba,
moja limeanguka kifudifudi kwenye theluji;
sikuligeuza.
Nilirudi na takwimu yangu, kifua mbele,
mpaka Gudrun aliponiambia, akimimina kahawa,
kwamba bango lake ni la uchaguzi uliopita,
na haling'oi
kwa sababu marehemu mumewe ndiye aliyelipigilia.
Nikafuta moja.
Kisha nikajiuliza ni mangapi mengine
yamesimamishwa na mapenzi, au uvivu,
au hofu ya mwenye nyumba.

Jioni hiyo hiyo nikafungiwa akaunti.

Nachonga samaki wa mbao wa kuvulia,
macho yao misumari. Mtu wa Manitoba kanilipa
dola mia mbili na kumi na mbili, senti arobaini.
Naziona. Zinapita chini ya kioo
kama samaki chini ya barafu,
na mimi juu, sina tundu.

Thibitisha kwamba wewe ni wewe.
Nikatuma leseni. Jina halilingani:
leseni inasema Orrin T. Haugland,
akaunti haimjui huyo T.
Nikatuma picha ya uso. Mwanga hautoshi.
Nikahamia dirishani. Mwanga umezidi.
Swali la siri: mbwa wako wa kwanza aliitwa nani?
Skipper. Kosa.
SKIPPER. Kosa.
Nikakumbuka alikuwapo mwingine kabla yake,
aliyeishi siku tisa,
hatukuwahi kumpa jina.

Nikapiga simu. Sauti tamu ikasema
mimi ni wa arobaini na tatu kwenye foleni.
Baada ya robo saa: wa arobaini na tatu.
Nikacheka peke yangu jikoni.

Asiyekujua hakuthamini, sawa.
Lakini mashine hii inajua nilinunua nini Machi,
inajua saa ninayolala,
inajua kura yangu kabla sijaamua,
imeshanikata kipande chembamba ndani ya duara lile.
Isichojua ni kwamba mimi ni mimi.

Usiku nikashuka chini ya nyumba,
nikatoa mizani ya shaba niliyoagwa nayo kazini.
Nikaweka samaki mmoja: aunsi mbili na robo.
Nikamwondoa, nikaipima sahani tupu.
Mshale haukurudi sifuri.
Ulibaki unywele mmoja juu.

Miaka yote ile?

Nikachukua penseli,
nikaitafuta ile safu.