Mshika Kichwa

Kazi yangu bandani kwa Mama Elinami, Goba,
ni kukata majani, kuzoa samadi, kukamua alfajiri,
na siku ya chuma
kushika kichwa.

Hakuna amuulizaye mshika kichwa.
Mchomaji anatazama chuma,
mwenye ng'ombe anatazama saa,
mimi nimekumbatia shingo, shavu langu sikioni mwake,
na kila kitu kinapita kwangu kwanza.

Mwaka juzi alikuja Kihwelo na nondo yake,
ikalala kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa rangi ya ubuyu.
"Ndama mdogo hasikii," alisema, "nyama bado laini."
Tunu alisikia.
Magoti yakamlegea, ulimi ukatoka,
mlio ukavuka ukuta hadi kwa fundi cherehani,
naye akasimamisha mguu juu ya pedeli.
Usiku Tunu alisimama pembeni akitikisa kichwa
kama anayekataa jambo aliloulizwa na mtu tusiyemwona.
Chupa ya maziwa hakuigusa siku mbili.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Sawa. Na mshika kichwa.

Luku kazaliwa usiku umeme ulipoisha.
Nilimvuta kwa mwanga wa simu,
nikamnywesha dang'a kabla hajajua ana miguu mingapi.
Wiki ya tatu akaja daktari mpya, Namkunda,
buti za mvua, pikipiki imejaa tope la Madale.
Akafungua kisanduku: "Kwanza ganzi."
"Shilingi ngapi?"
"Elfu nane. Na dawa ya maumivu ya usiku, elfu tano."
"Kwa ng'ombe!"
Sijui nani alisema, ila mdomo ulikuwa wangu:
"Mama, lile jino la Sinza, uling'olewa bila ganzi?"

Jogoo wa jirani akajibu badala yake.
Akafungua fundo la khanga, noti moja moja,
kama anayeng'olewa tena.

Sindano kati ya kona ya jicho na kichipukizi cha pembe,
kushoto, kulia.
Dakika kumi, ndefu kuliko foleni ya maji.
Akamdunga kidogo kujaribu: kope tu.
Kisha chuma.
Harufu ilikuwa ileile, nywele na ukwato,
sitadanganya, harufu haijui dawa,
na moshi uleule ukanitoa machozi,
lakini mikononi
nilingoja kile kishindo
na kishindo hakikuja.
Nikabaki nimekaza misuli peke yangu
kama mtu anayesukuma mlango uliokwisha kufunguliwa.

Jioni akamaliza chupa, akagombea chuchu ya mpira.

Tunu sasa ni mtamba mwenye mimba.
Nikiinua mkono kumkuna, anarudi nyuma hatua mbili,
hadi leo.
Luku huja mwenyewe, huweka paji lake kiganjani mwangu.
Labda ananiamini.
Labda ni chumvi ya jasho.
Sijamuuliza.
Ninayetaka kumuuliza ni Tunu,
na naogopa atajibu.