Fomu ya Kata, Ukurasa wa Pili

Fomu imeshuka kutoka kata, inauliza:
jina la kijiji, mipaka yake, asili ya wakazi.
Nafasi walizotuachia ni mistari minne
na kalamu ya ofisi inavuja.

Jina: Kwemfune.
Mfune wenyewe hakuna aliye hai aliyeuona.
Wanasema uliangushwa ukawa mataruma ya reli,
mwaka gani, aliyejua kazikwa bila kuulizwa.
Wa bondeni bado husema Kambi Saba,
jina walilolikuta waliposhushwa lorini,
na barua kutoka Tanga huja kwa yote mawili.

Kaskazini mkonge.
Mashariki mkonge uliosahauliwa, sasa nyumba ya nguruwe pori.
Magharibi milima ya Usambara,
hutupa mvua iliyobaki, wao wakishashiba.
Kusini kijito. Ramani haikukipa jina,
sisi twakiita Utarudije:
masika, asubuhi wavuka na ndala mguuni,
jioni jiwe ulilokanyaga halipo.

Asili ya wakazi.
Wabondei walitangulia na migomba yao.
Wamakonde, Wabena, wakaja kwa kipande.
Muha mmoja, Ntahondi, alisaini siku thelathini,
ya thelathini haijamfika,
wajukuu zake wanauza maandazi
kwenye stesheni isiyosimamisha treni
ila dereva akiwa na njaa.

Kisha korona ikazimwa.
Hapo ndipo saa yetu ilipokufa:
hatukuwa na nyingine ila king'ora kile.
Bi Mnkande angali anaamka saa kumi na nusu,
anafunga kanga, anawasha kuni,
anakumbuka,
anazima.

Mwaka sabini na nne tuliambiwa tusogee barabarani.
Nyumba zikasogea. Makaburi yakagoma.
Kwa hiyo kijiji chetu ni virefu viwili,
tunakoishi na tunakopalilia kila Shaabani,
na katikati mwendo wa kuchosha bibi mmoja na jembe.

Mpaka na Kwambwego?
Mpima alikuja na vigingi vyake vya zege.
Sabina Chilumba akasema, ni hapa,
jembe la mama lilivunjikia hapa.
Wa Kwambwego wakacheka, wakasema chimba.
Tukachimba. Jembe hakuna.
Kitako cha chupa, kijani, cha enzi ya nani sijui,
na jua lilikuwa la utosi.
Mpima akatazama mkoba wa chakula chake,
akasimika kigingi papo hapo.

Eneo kwa hekta: sijui.
Andika, jogoo wa Chilumba akiwika
anasikika mpaka zahanati,
upepo ukikubali.

Mistari minne imejaa tangu kwenye mfune.
Nimegeuza karatasi.
Nyuma imeandikwa: Kwa Matumizi ya Ofisi Tu.
Ofisi ni mimi
na meza tuliyoazima msikitini.
Naendelea.