Mbuzi wa Bisi

Mama Aminieli alifika kabla sijafunga aproni,
akaweka simu mezani, juu ya unga,
akanionyesha mbuzi mweupe, sikio moja limekunjika,
nyuma yake geti la bluu la Segerea.
"Anaitwa Meneja," akasema.
Kisha akajisahihisha: "Aliitwa."

Desemba, Meneja alikuwa ndafu.
Harusi ya dada mtu, ukumbi kule Ubungo,
majani mdomoni, tarumbeta zikimtangulia,
na mtoto wa miaka sita akapanda juu ya kiti
akamwita kwa jina.

Sasa anatimiza saba.
Ameulizwa anataka keki gani.

Nimeshachonga cherehani, Biblia iliyofunuliwa,
kiatu cha mpira chenye kamba za sukari.
Mbuzi mwenye jina, bado.

Keki tupu haisimami kwa miguu minne.
Keki itakuwa ardhi;
mbuzi ni kazi ya bisi za mchele na mashimelo.
Siagi kwanza, na moto wa kubembeleza.
Mashimelo huvimba kabla ya kukubali,
hujitia povu, hujitia wingu,
halafu hulegea, yakawa gundi
inayokumbuka kila kidole kilichoigusa.
Koroga, Shemsa, usiongee.
Bisi zikaingia zikinong'ona
kama manyunyu ya kwanza kwenye bati.

Za kula, ziache zipumue kati ya punje.
Za kuchonga, kandamiza.
Kandamiza mpaka zilie,
kandamiza mpaka kitafunio kisahau utamu wake
kiwe mfupa.

Miguuni nilihitaji vijiti,
na vilivyokuwepo ni vya mishikaki.
Nikasita navyo mkononi.
Nikaviita fito,
nikakandika kama bibi yangu alivyokandika ukuta,
viganja vimepakwa siagi badala ya maji.

Saa nane luku ikaisha.
Feni ikazunguka mara tatu za kuaga, ikanyamaza.
Fukuto la Machi likaingia Tabata bila hodi,
na Meneja akaanza kupiga magoti,
polepole, kwa adabu, kama anayeomba radhi.
Shemsa akanisomea tarakimu ishirini;
nikakosea ya kumi na saba,
kidole kimenata kwenye ya kumi na sita.
Tukaanza upya, yeye akisoma,
mimi nikibonyeza kwa kiwiko,
kifua changu kimeegemea mbavu za mbuzi
zisije zikaanguka.

Sikio la kwanza Shemsa alilila.
La pili nililila mimi.
La tatu liliniponyoka, likakunjika lenyewe,
na lilikuwa lenyewe.

Jumamosi tukampeleka amelala kwenye godoro la kitoto,
kwenye kiti cha nyuma cha teksi, dereva akiendesha kama amebeba mgonjwa.
Aminieli akamzunguka. Hakugusa.
Akainama, akamtazama mdomoni.
"Hana majani," akasema.

Sebule ikanyamaza.
Mkoba wangu ulikuwa begani,
na ndani yake majani ya sukari, kijani kibichi,
niliyoyakata usiku mzima
nikadhani nimeyasahau kwa uzembe.
Nikaubana mkoba kwapani.
"Hana," nikamjibu.
Mtoto akapumua, ndefu,
kama mtu mzima aliyetua gunia.

Mjomba mtu akaleta kisu.
Aminieli akamwelekeza ardhini:
wakala nyasi, wakala udongo wa chokoleti,
wakakata mpaka kwatoni wakakoma.

Wiki mbili baadaye mama mtu akanipigia.
Yuko juu ya friji, akasema, amekauka kama jiwe,
sisimizi wamepata anwani yake,
na mtoto anawapanguza kwa mswaki wa zamani
kila akitoka shule.
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akashusha sauti, kama anayemficha mtu aliye chumba cha pili:
"Ila mkia haupo.
Na si sisimizi."