Tundu la Saba

Nyumba ya udongo ilikuwa na adabu yake:
ugonge kwanza kwa kifundo cha kidole,
usikilize.
Penye mti ukuta hujibu kwa ufupi, kama mtu aliyeshiba.
Penye udongo mtupu hunung'unika.
Mama alizijua nguzo zote kwa masikio,
na kila picha, miaka thelathini na miwili,
ilining'inia pale mti uliposema ndiyo.

Sasa tumehamia ng'ambo ya ua,
hatua ishirini, nyumba ya mawe, hapa hapa Chavakali,
madirisha ya vyuma, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo,
na msumari wa kwanza umepinda,
wa pili umeruka hadi chini ya kochi,
wa tatu umeng'oa plasta, kipande kizima kama andazi.
"Ukuta huu," asema Mama, "hausikii la mtu."
Tukampigia simu Asava fundi, aje na drili.

Tulipokuwa tukimngoja tukabishana.
Mimi nazitaka picha usawa wa macho,
nilivyoona katika nyumba za watu huko Nairobi.
Mama azitaka juu, karibu na dari,
zimeinama mbele kwa kamba
kama watu waliochungulia kuona nani anabisha hodi.
"Usawa wa macho ya nani?" aniuliza.
"Yangu? Yako? Ya mtoto wa Kageha, anayetia kidole kila kitu?
Wafu hawakai chini ya bega la mgeni."
Nikashika ngazi.

Kageha na shela yake.
Mimi na joho la kukodi, kofia ikinipwaya.
Kwaya ya kina mama, mstari wa nyuma hauna vichwa.
Babu na baiskeli, baiskeli ikiwa mbele.
Kalenda ya duka la pembejeo, ya mwaka uliokwisha zamani,
isiyotupwa kwa ajili ya uzuri wa ng'ombe wake.
Na Baba.

Baba tulimkata kutoka kwenye picha ya watu kumi na mmoja.
Studio ya Luanda ilimkuza hadi akawa peke yake,
ila begani pake umebaki mkono:
vidole vinne, pete ya shaba,
mwenyewe yuko ng'ambo ya mkasi.
Shilingi mia mbili, alisema mpiga picha, naufuta kwa kompyuta.
Mama alisema mia mbili ni sukari.

Leo, nikimteremsha Baba, mgongoni mwa fremu,
chini ya kadibodi na kiota cha nyigu kilichokauka,
nimekuta risiti ya karo.
Kidato cha pili, muhula wa tatu, jina langu.
Imepokewa kutoka kwa: Finike Vihenda.
Simjui Finike Vihenda.
Muhula ule niliambiwa tumeuza ndama.

Mama aliisoma kwa mbali,
ameinyoosha mikono, miwani iko kitandani,
akaikunja palepale ilipozoea kukunjika,
akairudisha mgongoni mwa mumewe.
"Ndama," nikasema.
"Ndama alikuwako," akasema. "Alikufa."

Asava akaja. Drili ikalia,
vumbi jeupe likatua kwenye nyusi zetu,
tukazeeka sote mara moja.
Nilikuwa nimetia alama sita kwa penseli.
Mama akaninyang'anya penseli,
akachora duara dogo kando ya Baba,
upande wa ule mkono.
"Na hapa."
"Picha gani, mama?" akauliza Asava.
"Wewe toboa. Si nakulipa kwa tundu?"

Desemba nimerudi.
Buibui amezishona pembe za fremu zote,
kwaya imepauka, ng'ombe wa kalenda amejikunja masikio,
na Baba, kule juu, bado anautazama mlango.
Skurubu ya saba haijabeba kitu.
Mama akiwa jikoni nilipanda kiti,
nikaipitishia kidole.
Haina vumbi.