Sehemu ya Mwisho Hakuiona

Juu ya duka la mashine za kufulia, Barabara ya Foleshill, Coventry,
chumba kimoja, magodoro mawili, pazia katikati,
kaka yangu Shaame alimlilia mtu wa kuchorwa.

Jemadari Isorai: nywele za majivu, glavu nyeupe
juu ya mkono ulioungua.
Sehemu ya kwanza aligawana mkate na waliozingirwa,
akajikatia kipande kidogo kuliko vyote.
Sehemu ya thelathini na saba akauza ufunguo wa ghala
kwa wale wale waliouzingira mji.
Tulisoma maandishi ya chini, Kiingereza chetu kikichechemea,
kompyuta tumeiegemeza kwenye mfuko wa mchele.
"Mtu mwema hivi, Time. Kaingiwa na nini?"
Nikamwambia katuni tu hiyo, lala, una zamu.

Ghalani walitulipa kwa hesabu ya vifurushi,
wakihesabu na sekunde zetu za chooni.
Shaame akanunua kalamu nene, akaandika juu ya boksi
kwa mizani aliyotoka nayo Wete:

    Sisi si mashine sisi, tuna damu tuna jina,
    Mtupe yetu nafasi, ya kukaa na kunena,
    Saa kumi si rahisi, miguu yavimba sana,
    Lango hili hatupiti, hadi tutapopatana.

Wenye kulisoma tulikuwa wanane. Wapolandi walidhani ni dua.
Lakini watu arubaini waliweka mikono juu ya birika la chai,
wakaapa: Waromania, Wasomali, sisi Wapemba,
na Bi Verna, Mjamaika, aliyetuita sote wanangu.

Siku kumi na moja.
Theluji ya majimaji, ile isiyojijua kama ni mvua.
Siku ya kumi na mbili kampuni ikaongeza peni thelathini kwa saa,
na watu wakaingia mmoja mmoja, kofia zimeshushwa machoni.
Nami niliingia.
Kila nikisimulia husema "watu". Nami niliingia.
Alikuwa kasimama palepale, boksi limelowa,
wino unamtiririkia viatuni,
wala hakuniita jina.

Wiki ile simu ikalia kutoka Wete. Mama. Upasuaji.
Pesa hazikuwapo; zilipokuwapo,
hakuwapo wa kumfaa.

Hakulia. Alikaa kwenye ngazi akinyoa ndevu bila kioo,
akasema taratibu, kama anayesoma maandishi ya chini:
"Kama watu wanauzika, Time, basi bora niwe mnunuzi."

Sasa wakala ni yeye. Ana magari saba.
Kila kichwa hukatwa pauni nane kwenda, nane kurudi.
Huwachukua waliotua juzi, wasio na karatasi wala shangazi,
huwapokea kwa Kiswahili kitamu cha nyumbani,
na wao humshukuru, wengine humbusu mkono.
Bi Verna alipozimia chini ya rafu,
ujumbe ulimfikia kabla ya gari la wagonjwa:
Kesho hakuna kazi. Asante.

Nilimfuata ofisini. Hakuinua macho.
"Huruma ni mlango," akanambia. "Ukiuacha wazi, baridi huingia."
Nikaganda. Maneno ya Isorai, herufi kwa herufi,
sehemu ya arubaini. Siku ile Shaame aliyatupia kiatu,
skrini ikapasuka pembeni.
Ufa huo ninao mpaka leo.

Sehemu ya mwisho niliitazama peke yangu, yeye yuko zamu.
Isorai yu juu ya kiti, mji wote wake.
Analetewa mkate. Anaukata. Mkono, kwa mazoea,
unatenga kipande kidogo kuliko vyote,
kisha unabaki nacho hewani, haujui ukiweke wapi.
Basi. Majina ya wachoraji yakaanza kupanda.

Saa kumi na nusu, alfajiri ya giza, gari linanguruma nje.
Dereva anaumwa; leo yupo mwenyewe,
glavu za ngozi, orodha juu ya usukani.
"Time Omar," anasoma.
"Nipo."
Ananikata nane.