Fomu ya Likizo

Siku ishirini na nane, fomu yasema:
taja tarehe ya kuondoka, taja ya kurudi, tia sahihi.
Mhasibu mimi, wa duka la bati na misumari pale Mbuyuni, Moshi.
Nimewajazia wenzangu miaka tisa.
Hii yangu imenishinda mstari wa kwanza.

Elinami keshatandaza ramani mezani,
kaiwekea kikombe Hanoi isipeperuke.
"Twende Tet," asema, "Mwaka Mpya wao.
Kila mtu anarudi kwao, mji mzima ni mabegi,
pikipiki moja imebeba mti wa pichi na maua yake."
Nikacheka. Si Desemba yetu hiyo?
Si ndivyo Dar inavyomwagika mlimani,
magari pua kwa mkia kuanzia Himo,
kila mtu na kreti yake, na mchele, na deni alilolificha?
"Na hufunga wali kwenye majani, huuchemsha usiku kucha."
Majani gani?
"Kusini, ya mgomba."
Basi hapo nikaitaka safari.

Ila Tet haikai mahali.
Mara Januari, mara Februari,
na Mzee Tarimo hapendi tarehe inayohamahama.
Nikavuka ua kwa Bi Mwanahamisi, ajuaye miezi kwa vidole.
Mwezi wao huandama kama wenu, nikamwambia,
ila ukitaka kuwatoroka, baada ya miaka miwili mitatu,
huongeza mmoja, wa kumi na tatu.
Alitazama vidole vyake, akatafuta pa kuuweka.
"Kumbe wa kwao una breki," akasema.
"Wetu hushuka tu."

Usiku nikasoma.
Mungu wa jiko hupanda samaki hadi mbinguni
akaseme yote aliyoyaona mwaka mzima.
(Nikalitazama jiko letu. Nikalifuta.)
Mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti
ndiye aletaye mwaka wenyewe, hivyo huchaguliwa.
Na aliyefiwa
haendi kwa mtu.
Hafukuzwi. Hujizuia mwenyewe,
msiba usije ukamfuata hadi sebuleni kwa watu.

Mama tulimzika Mei, Uru, migombani.
Masale tuliyopanda hayajashika vizuri.
Simu yake ninayo mimi; juzi iliita,
ni kampuni, inamkumbusha bando limekwisha.

Tet hapana, nikamwambia Elinami.
Hakuuliza. Akanyanyua kikombe.
Hanoi ikabaki na duara la chai.

Siku nne hatukuigusa ramani.
Ya tano akaja na karatasi, mwandiko wake wa kuku:
mwezi wa saba, siku ya kumi na tano, mwezi umejaa.
Watu huenda hekaluni, na mlangoni pana sinia la mawaridi.
Mwenye mama hubandikwa jekundu.
Asiye naye, jeupe.
Hakuna anayekushika bega,
hakuna wa kukwambia kazi ya Mungu haina makosa.
Wanatazama kifua chako, wanakupisha.

Elinami atavaa jekundu. Mamaye yupo Mamba,
anakamua ng'ombe wawili, anapiga simu Jumapili
kuuliza kama nimemlisha mwanawe.
Tutatembea pamoja, rangi mbili.
Nimeyaona meupe pale Usa River, kwenye maboksi,
yakingoja ndege ya usiku, yamefungwa vichwa kama wagonjwa.
Sikujua yana kazi hii.

"Agosti?" Mzee Tarimo akashusha miwani.
"Sikukuu gani Agosti, Nanenane?"
Jirani yake, nikasema. Nikamweleza habari ya maua.
Alikaa kimya, kalamu ikimning'inia,
kisha akauliza, kama anayeulizia bei,
ukishavaa jeupe, basi tena?
Basi tena, mzee.

Akagonga muhuri.
Haukushika.
Akauhemea, akagonga tena.